Siku Nilipompeleka Mama Majimoto

Enzi zetu ugonjwa haukuwa siri ya mtu. Ukiumwa goti, mtaa mzima ulijua ni goti lipi, la kushoto au la kulia, na lilianza lini. Siku hizi mtu anaumwa mwaka mzima halafu unasikia habari zake msibani. Naandika haya nikiwa barazani kwetu Muyinga, cherehani nimeifunika, mgongo nimeufunga kanga. Kama wewe unayesoma una miaka hamsini na kitu na uliwahi kupelekwa Majimoto ukiwa mdogo, soma polepole, tukumbushane. Kama una miaka ishirini, soma pia, mradi usiniulize kama kule kulikuwa na network.

Majimoto ni jina tulilolitumia sisi Waswahili wa Muyinga. Wenyeji walikuwa na jina lao la Kirundi, nasi tulilikosea kila mwaka mpaka wakatuzoea. Ni mji mdogo milimani, unapita Gitega, unapita Mutaho, halafu unapanda mpaka masikio yanaziba. Bibi yangu, mama yake baba, alisimulia kwamba Wadachi, wale Wajerumani wa boma la Gitega, ndio walianza kupeleka kule askari wao walioharibika miguu. Baadaye Wabelgiji wakajenga bwawa la mawe, nyumba za wageni zenye baraza ndefu, na barabara moja iliyopandwa mikaratusi huku na huku. Mgiriki mmoja akafungua duka. Basi, huo ndio mji wenyewe. Lakini kwetu watoto, kusema umefika Majimoto ilikuwa kama leo mtu aseme amefika Ulaya.

Tulikwenda mwezi wa saba, shule zimefungwa. Mwaka ninaoukumbuka zaidi nilikuwa na miaka minane, na ripoti yangu ilikuwa mbaya kiasi kwamba nilishukuru Bibi kuumwa. Nyonga yake ilikuwa imekataa kabisa. Alikuwa anatoka kitandani kwenda msalani kwa kushikilia ukuta, na njiani anatukana kila jiwe. Mama akasema, "Mwaka huu hatungoji, tunampeleka." Mama enzi hizo alikuwa mwanamke wa nguvu. Alikaanga mandazi kila alfajiri akiwa amechuchumaa mbele ya moto, beseni la unga alilikanda kwa mkono mmoja, na sisi watoto tuliamka kwa harufu ya iliki.

Tulipanda juu ya lori la kahawa, wanawake saba na watoto sijui wangapi, juu ya magunia. Bibi alikuwa ametandikiwa godoro katikati kama bi harusi. Njia yote ya Karuzi ilikuwa vumbi jekundu, tukafika Gitega tumefanana wote, hujui nani mweupe nani mweusi. Tulilala kwa ndugu, mtaa wa Waswahili, tukala maharage na ndizi zilizopikwa kwa mawese, na kesho yake lori jingine likatufikisha Mutaho. Pale lori lilifika mwisho. Kutoka pale Bibi alibebwa kwenye ingovyi, ile machela ya kusuka inayobebwa na wanaume wanne begani. Na ilikuwa desturi ya milimani: mwanaume yeyote mnayekutana naye njiani, hata kama anakwenda kwake na haraka zake, anaweka chini jembe, anapokea bega moja, anabeba mpaka kilima kinachofuata, kisha anarudi kuchukua jembe lake. Hakuna aliyeombwa. Bibi alikuwa akiwashukuru kwa Kirundi chake kibovu, halafu akitugeukia anasema kwa Kiswahili, "Huyu wa kulia ananitikisa kama maziwa ya kusukwa."

Harufu ya Majimoto ilikupokea kabla ya mji. Ilinuka kama njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Mawe ya pembeni yalikuwa na rangi ya machungwa, na mvuke wa asubuhi ulipanda mpaka kwenye mikaratusi, zile harufu mbili zikichanganyika puani mwako hadi leo. Kulikuwa na kijichirizi pembeni cha kunywa, maji machachu yanayokwaruza ulimi. Tulikunywa kwa kushindana, anayekunja uso ameshindwa. Mimi nilishindwa kila siku.

Asubuhi ilikuwa zamu ya wanawake, mchana ya wanaume. Mlangoni mwa bwawa alikaa mwanamke mjane, mnene, Mkatoliki wa palepale, aliyeitwa Pasika. Hakukata tiketi. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Kila aliyefika na kitenge chake kifuani alimuuliza kwa Kirundi, "Uzanye iki?" yaani, umekuja na nini? Na wewe ilibidi ujibu kwa sauti wote wasikie: "Goti la kushoto!" "Mgongo!" "Kifua, tangu mvua za kwanza!" Waliokuwa majini wakajibu kwa pamoja, "Liachie hapo!" Halafu wanakupisha. Ilikuwa na maana yake. Wakishajua una goti bovu, hakuna wa kukugonga goti, na aliye na mikono mizuri anakusogelea kukukanda. Na sheria kubwa ya pale ilikuwa mgonjwa mbele. Anayeumwa zaidi anaingia kwanza na anakaa pale maji yanapotokea, penye joto lenyewe, hata kama nyuma yake amesimama mke wa mkuu gani.

Kulikuwa na vichekesho. Mke mmoja wa tajiri wa Gitega, mikufu hadi tumboni, aliulizwa umekuja na nini, akajibu, "Mume wangu!" Bwawa zima likacheka mpaka maji yakamwagika. Pasika akamwambia, "Huyo usimwachie hapa, mama, atatuharibia maji."

Sasa sisi watoto hatukuwa na ugonjwa. Ukisema huna kitu unatumwa kuteka maji ya kunywa, kushika nguo za watu, kuchunga sufuria. Siku tatu nilichunga sufuria. Siku ya nne nikaona haiwezekani, lazima nami nipate ugonjwa, na uwe mkubwa ili niingie mbele. Nikakumbuka kwamba nyumbani nilimsikia Mama akimnong'oneza jirani habari za shangazi yangu Hadija, tuliyekuja naye, wakishika mashavu, wakisema masikini, masikini. Nikajua huo ndio ugonjwa mkubwa kuliko yote. Nikajipanga mstarini na kitenge changu. Pasika akaniuliza, "Uzanye iki?" Nikajibu kwa sauti niliyotumia shuleni kuimba, "Mi sishiki mimba!"

Yesu na Maria, alisema Pasika. Astaghafirullah, alisema Bibi kutoka majini. Wengine wote walicheka kicheko ambacho sijasikia tena mfano wake. Nilimwona Shangazi Hadija, pembeni kabisa, akiwa hacheki. Aliingiza kichwa ndani ya maji akakaa humo mpaka nikadhani anakufa. Alipotoa kichwa, wanawake wawili wasiomjua walikuwa wameshamsogelea, wamemshika mmoja huku mmoja huku, wakamvuta mpaka penye joto. Mama hakunipiga palepale. Aliningojesha siku kumi na moja, akanipigia Muyinga, na mapigo ya kungojeshwa ni mabaya kuliko ya papo kwa papo. Shangazi hakupata mtoto hata baada ya maji. Lakini toka siku ile alitembea mtaani bila kuinamisha kichwa, maana kilichokuwa kinanong'onwa kilishasemwa. Bibi alikuwa na msemo wake kwa mambo hayo: mficha maradhi, kilio humuumbua.

Na Bibi? Siku ya saba Bibi alisimama. Nilimwona kwa macho yangu. Alitoka majini ameshika fimbo, akapanda ngazi moja, akapanda ya pili, akasema, "Nani anacheka? Leteni viatu vyangu." Kurudi Mutaho alitembea nusu ya njia kwa miguu yake. Hicho ndicho kilichoniingia kichwani na hakikutoka miaka yote hii: Bibi alikwenda akibebwa, akarudi akitembea.

Vita vilipokuja hatukwenda tena. Kisha Bibi akafa, Shangazi akafa, baba akafa. Mama akachoka magoti. Kuchuchumaa miaka arobaini mbele ya moto si mchezo. Leo ana miaka themanini na mbili, na mwaka wa tisa huu mimi ndiye ninayemwinua asubuhi, ninamgeuza usiku, ninamwogesha, ninampeleka msalani. Mimi peke yangu. Kaka yangu Juma yuko Bujumbura, Buyenzi, ana nyumba ya matofali na mke mwema. Kazi yake ni kutuma ujumbe wa sauti: "Dada Zena, Mama aje huku, iko chumba, iko bomba ndani." Mara tatu Mama amekataa. "Mi natoka Muyinga nikibebwa ndani ya jeneza," anasema, kisha anaomba chai.

Niseme ukweli, kwa sababu enzi zetu tulisema. Nilichoka. Si uchovu wa kulala ukapona. Ni uchovu wa kuamka na kukuta umeshachoka kabla ya kuvaa viatu. Mgongo ulianza kunikamata mwaka juzi, sikumwambia mtu. Mwaka huu nikakubaliana na Juma kwa simu, Mama hajui: nitamwambia tunakwenda Majimoto kama zamani, atafurahi, ataoga. Tukirudi tukifika Gitega, badala ya kukata njia ya Muyinga, Juma atakuwa ametoka Bujumbura na gari, atamchukua. Nikafunga nguo zake zote kwenye begi la pili, nikaliweka chini ya begi la kwanza. Na moyoni, naapa, nilikuwa na tumaini jingine la kitoto: labda maji yatamsimamisha kama Bibi, na hayo yote hayatahitajika.

Safari yenyewe! Esansi hakuna. Deo, dereva wa Probox, alipanga foleni siku mbili kupata lita za kutufikisha, na njiani hakuzungumza habari nyingine. Kila kituo cha mafuta tulichokipita alipunguza mwendo, anaangalia, anatikisa kichwa, anaendelea. Mama alikaa mbele, miguu juu ya mto, akisema majina ya kila mahali. Hapa tulinunua mahindi ya kuchoma. Hapa ulitapika. Hapa baba yako alipoteza kofia. Mi nilikuwa nyuma na yale mabegi, kila akisema jambo tamu najisikia mwizi. Njia ya Karuzi siku hizi ni lami. Unafika Gitega umevaa rangi yako mwenyewe, na hakuna wa kukucheka.

Majimoto sikuitambua. Mikaratusi imekatwa. Duka la Mgiriki ni mahali pa kuchoma nyama, spika mbili mlangoni. Bwawa limewekewa vigae vya buluu na uzio, na juu ya uzio picha ya msichana amelala kwenye maji anakunywa kitu kwa mrija. Ndani vijana wamejaa, simu wamezitia kwenye vifuko vya plastiki wamezining'iniza shingoni, wanaingia majini nazo. Hakuna anayekaa penye joto. Wote wamesimama wanatafuta mwanga mzuri. Nilimuuliza binti mmoja, ana miaka ishirini hivi, mzima kama punda milia, mwanangu umekuja na nini? Akasema, "Stresi, Mama." Stresi! Sisi tulikuja na nyonga.

Anayekata tiketi alikuwa msichana mpole, kucha ndefu, Kiswahili cha kwetu kabisa. Akamwangalia Mama kwenye kiti nilichomkalisha, akaangalia kitenge.

"Bibi, pardon. Kitenge haiingii. Iko sheria ya patroni. Bila mayo ya kuogea hakuna kuingia."

"Mayo ni nini?" Mama akaniuliza.

"Ile nguo ya kubana, Mama. Kama ya wale."

Mama akawaangalia wale, polepole, mmoja mmoja, kama anayechagua nyanya sokoni. "Mi na miaka themanini na mbili nivae ile? Ili nani aone nini?"

Msichana akacheka, akajizuia. Nikaanza kubishana. Nilimwambia bwawa hili mama yangu aliliingia kabla mama yako hajazaliwa. Nilimwambia mambo ya Wadachi, ya Wabelgiji, ya Pasika. Akasema ndiyo, Mama, nasikia, lakini patroni, mwenye bwawa, iko na kamera. Sikugomba kwa ajili ya haki peke yake. Niligomba kwa kuwa tumaini langu la kitoto lilikuwa limekaa ndani ya yale maji, na bila hayo kilichobaki ni lile begi. Sauti yangu ikapanda mpaka ikavunjika. Mama akanivuta kanga.

"Zena, acha mtoto wa watu. Maji yanatoka wapi yakitoka humo?"

Msichana akaonyesha kwa kucha. Nyuma ya uzio, chini ya bonde, maji ya bwawa yalikuwa yanamwagika kwa bomba kwenye mfereji wa mawe ya zamani, bado na mvuke. Wanawake wa palepale walikuwa wanafulia humo na kuloweka mihogo.

Deo akambeba Mama mgongoni mpaka kule, akatuacha akaenda kutafuta esansi, masikini, kwenye mji usio na kituo. Wale wanawake walitupisha bila maswali mengi. Tukasalimiana kwa Kirundi, mwaramutse, mwaramutse. Mmoja akaondoa beseni lake la mihogo, akapangusa kwa mkono jiwe lililo karibu na bomba. Nikamkalisha Mama, kitenge chake kifuani, nikamvua viatu. Alipotia miguu majini alisita kidogo kwa joto, nikasema tunaweza kuacha. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," akasema, akateremsha magoti yote mawili. Akafumba macho.

Nilimwangalia usoni nusu saa nzima. Nilikuwa nangoja. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, nimekaa juu ya jiwe nangoja magoti ya mama yangu yafanye kama nyonga ya Bibi. Sasa ukubwani naelewa kilichomsimamisha Bibi. Siku saba hakupika, hakuitwa na mtu, alikandwa na wanawake kumi, alilala mchana. Mtu gani hatasimama? Lakini wakati ule, pale kwenye jiwe, akili haikuwepo. Nikasema, "Mama, jaribu kusimama."

"Sasa hivi?"

"Jaribu tu."

Akajaribu. Kwa kunifurahisha alijaribu, nilimwona. Akapanda kidogo, magoti yakatetemeka, akaanza kurudi chini, mi nikamrukia kumdaka. Mgongo ukalia kaa! Nikaanguka ndani ya mfereji na nguo zangu zote, Mama amekaa salama juu ya jiwe lake, mi nimelala ubavu kwenye maji ya mihogo, siwezi kwenda mbele wala nyuma. Nililia kwa sauti. Si kwa maumivu tu. Nililia kama mtoto aliyepotezwa sokoni, mbele ya watu, na nilipoanza sikuweza kuacha.

Wanawake waliacha nguo wakaja. Wawili wakamwendea Mama, kwa kuwa ndiye mzee. Mama akawazuia kwa mkono.

"Anzeni na huyu," akasema. "Mi nimezoea. Huyu ndiye mgonjwa."

Wakanishika. Walinivuta mpaka chini ya bomba lenyewe, penye joto, wakanigeuza kifudifudi kichwa mapajani mwa Mama, na mmoja mwenye mikono migumu ya jembe akaanza kunikanda mgongo, huku akisema na wenziwe habari za bei ya sabuni. Miaka tisa hakuna mkono ulionigusa mgongo ila wangu mwenyewe ninapojifunga kanga. Nikalala. Naona aibu kuandika, lakini nililala usingizi mzito, katikati ya mchana, na nguo mwilini, kati ya mihogo na mapovu.

Nilipoamka jua lilikuwa limeelekea magharibi, upande wa Mutoyi, na wanawake wameanua nguo zao, wameondoka wote isipokuwa yule wa mikono migumu. Mama alikuwa palepale, mkono wake kichwani kwangu. Hakuwa amesogea. Nikamuuliza kwa nini hakuniamsha. Akasema, "Ungelala lini?" Yule mwanamke akaniambia kwa Kirundi kwamba alimwomba Mama mara mbili anisogeze, kwa kuwa mguu ulishakufa ganzi chini ya uzito wangu, Mama akakataa. Muda wa saa mbili na nusu. Mtu mwenye magoti yale.

Deo alirudi na lita tano kwenye kidumu, ameshinda vita. Akambeba Mama, yule mwanamke akanishika mimi kiunoni, tukapanda hivyo mpaka garini, wagonjwa wawili. Tukateremka mpaka Mutaho. Mi nilikuwa nahesabu kona zilizobaki kufika Gitega. Juma alishatuma ujumbe: niko hapa sokoni, nimeegesha, mko wapi? Simu ilitetemeka mapajani mwangu kama kifaranga.

Pale njia inapogawanyika, kabla ya mji, Mama alimwambia Deo asimame. Hakugeuka nyuma. Akasema akitazama kioo cha mbele:

"Zena, mpigie kaka yako. Mwambie aje anichukue."

Nikajifanya sielewi. Kaka yupi, wa wapi.

"Unadhani mi sioni? Tangu juzi unakunja nguo zangu. Hata sweta ya baridi umetia, nani anakwenda kuoga na sweta?" "Bon. Mi sijakasirika. Nimekaa na kichwa chako leo, nimekiona. Iko mvi nyingi kuliko zangu. Piga."

Deo akafungua mlango akatoka, akasema anaangalia tairi. Nilipiga. Ikaita mara moja tu, Juma alikuwa ameishika mkononi. "Dada! Mmefika? Niambie mko upande gani." Ndicho nilichokuwa nakitaka. Miaka tisa nakitaka, na sasa nimepewa na mwenyewe, kwa hiari, hakuna wa kunilaumu, wala Mungu. Nikafungua mdomo.

"Mama anakusalimu," nikasema. "Sisi tunarudi Muyinga." Nikakata.

"Mwongo," akasema Mama kutoka mbele. "Mi sijamsalimu mtu."

Deo akarudi, akawasha gari, akakata njia ya Karuzi. Mama alilala kabla ya kilima cha kwanza, mdomo wazi. Mi nililia tena, kimya, mpaka karibu na Buhiga. Kama unadhani nilikuwa na furaha, hapana. Nilikuwa najua kabisa nimejifungia mlango gani.

Enzi zetu watu walikwenda Majimoto wakibebwa, wakarudi wakitembea. Vilima vyote vilipokea bega, na mgonjwa hakuwa wa mtu mmoja. Siku hizi kila mtu anamvuta wake peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, na wengine tunatuma sauti. Sisi tulirudi kama tulivyokwenda. Magoti ya Mama ni yaleyale, mgongo wangu umezidi. Sina dawa ya kumwambia mtu wala somo la kumpa kijana. Nikiwaona barazani wanapita na simu zao, nawacheka kidogo, kisha naona huruma, kwa maana nao watazeeka na sijui nani atawapisha jiwe.

Juzi Juma alipiga. Hakuwa na hasira tena. Akasema kile chumba wamempa mwanafunzi apange, si vizuri chumba kukaa bure. Nikasema sawa, kaka, mmefanya vizuri. Niliweka simu juu ya cherehani, nikakaa hapahapa barazani nikalia, kilio cha kuchoka na cha kushukuru, siwezi kukuambia kipi kilianza. Halafu Mama akaita kutoka ndani, anataka kugeuzwa ubavu, nikainuka nikaenda.